Umeleta mfumo mpya kazini na watu wamegoma kimyakimya: mwongozo wa supavaiza na meneja

Swali hili naulizwa karibu kila wiki na linakuja na sura ileile: "Wakubwa wameleta sistemu mpya, wamenipa mimi niisimamie, watu wangu wananiitikia ndiyo ndiyo halafu kazi wanafanya vilevile vya zamani, nifanyeje?" Leo anauliza supavaiza wa godauni Shimanzi hapa Mombasa, kesho meneja wa hoteli Bamburi, keshokutwa ni dada kapewa kazi ya kuhamisha mafaili ya ofisi ya kliaring (wale wa kutoa mizigo bandarini) yaingie kwenye kompyuta na wazee wa ofisi wamemuwekea ngumu. Basi naandika mara moja, mwengine akiuliza nimtumie hii.

Mwongozo ni wako wewe unayesimamia watu moja kwa moja, wawe watano wawe themanini. Kama kampuni inauzwa au tawi linafungwa hiyo ni habari nyengine, tafuta wakili wa mambo ya kazi.

Nadharia ni hii tu na siiongezi: kila anayekataa kuna kitu anapoteza, na kazi yako ni kukijua hicho kitu kabla hujaanza kumhubiria. Angalia gari za matatu hapa Kenya. Mwaka 2014 serikali ilitaka abiria waache kulipa pesa taslimu, walipe kwa kadi. Ikafa. Watu wakasema ah, makanga hawajui teknolojia, na makanga haohao M-Pesa wanaitumia tangu ilipotoka 2007 bila kupelekwa semina yoyote. Mimi naona shida kubwa ilikuwa hesabu: dereva anampelekea tajiri mwenye gari kiwango cha siku na kinachobaki ndo chake na makanga wake, sasa kadi inamuonyesha tajiri kila shilingi iliyoingia. Hata ungewapa mafunzo ya mwezi mzima, nani atafurahia kuonwa mfukoni?

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

– Sababu ya mabadiliko kwa sentensi moja ambayo askari wa geti akiisikia anaielewa. "Kuboresha ufanisi" si sababu. "Mwezi jana mizigo ya wateja imechelewa kutoka kwa sababu getipasi zinapotea" hiyo ni sababu.

– Jibu la maandishi kutoka kwa wakubwa: kuna mtu atapoteza kazi kwa ajili ya jambo hili au hakuna? Nitalirudia hapo chini maana ndo roho ya mambo yote.

– Orodha ya watu wako wote kwa majina, pamoja na vibarua. Vibarua usimsahau hata mmoja, wao ndo wanaoshika kazi yenyewe.

– Kalenda. Usianzishe kitu kigumu ndani ya Ramadhani, wala wiki ya Idi, wala mwisho wa mwezi, na kama ni hoteli usiguse Desemba kabisa. Mkutano usiuweke Ijumaa mchana ukategemea watu watulie.

– Mikataba ya kazi, na kama kuna chama cha wafanyakazi, yale makubaliano ya chama na kampuni. Yasome mwenyewe, usisimuliwe.

– Pesa kidogo. Mafunzo nje ya saa za kazi ni ovataimu, bando hununuliwa, simu zinavunjika. Ukiambiwa hakuna bajeti ya hivyo, jua mapema kuwa gharama wanataka zibebwe na wafanyakazi, na wafanyakazi watalijua hilo siku ya kwanza.

– Mtu wa kurekebisha sistemu ikikwama ambaye anashika simu. Kama fundi yuko Nairobi na anajibu imeili kesho yake, bado hamjawa tayari.

Hatua ya 1: Pata jibu la "tutafutwa?" kabla hujatangaza chochote

Mombasa neno "mfumo mpya" halisikiki kama linavosikika kwengine. Mji huu umeishi kwa bandari, na kila kitu kipya cha bandarini kimeondoka na watu. Makontena yalipoingia, kazi ya magenge ya kubeba magunia mgongoni ikapungua. Mwaka 2019 ikatoka amri mizigo yote ya Nairobi na bara ipande treni ya SGR, watu wa malori na wa kliaring wakaandamana hapa mjini, na amri yenyewe ikaja kuondolewa 2022. Kwa hivo wewe ukisimama useme "tunaleta skana", mtu aliyekaa mbele yako ashamkumbuka shemejiye aliyekuwa na lori, na kila utakachosema baada ya hapo hakiingii.

Nenda kwa mkurugenzi uulize waziwazi. Majibu ni matatu na kila moja lina njia yake.

Hakuna atakayeondoka: omba iandikwe, itiwe sahihi, ibandikwe ubaoni. Maneno matupu hayatoshi, watu washaahidiwa sana.

Kuna watakaoondoka: basi usidanganye hata kidogo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inataka notisi ya si chini ya mwezi mmoja kwa chama, au kwa mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi kama hayuko kwenye chama, na afisa wa leba pia ajulishwe. Kuna malipo ya si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Fanyeni hilo kwanza, limalizike, ndo mlete mfumo kwa waliobaki. Mkichanganya vyote pamoja kila mtu atafanya kazi huku anachungulia mlango.

Hatujui bado: sema hivohivo, "hatujui bado, tarehe fulani tutajua", na tarehe ikifika ujitokeze hata kama bado hujui.

Tahadhari: ukitamka "hakuna mtu atafutwa" kwa kubahatisha, halafu akafutwa mmoja, hutoaminiwa tena ofisi hiyo. Afadhali unyamaze.

Hatua ya 2: Andika nani anapoteza nini

Hii ndo kazi yenyewe, hizo nyengine zote zinaitegemea. Chukua ile orodha ya majina, kila jina uandike mbele yake atakachopoteza. Usiandike "mvivu" wala "mkaidi" wala "hapendi mabadiliko", hayo ni matusi na hayakusaidii kupanga kitu. Andika kitu chenyewe. Mara nyingi kitakuwa kimoja katika hivi:

Pesa. Ovataimu itapungua, au tip, au ile safari ya kupeleka makaratasi KRA, ofisi ya kodi, ambayo ilikuwa inakuja na nauli na chakula cha mchana. Na kuna chai, yaani hongo. Tusijifanye hatujui, kuna mahali foleni ndefu ni riziki ya mtu, na mfumo unaoondoa foleni unaondoa riziki. Huyo hatokwambia ukweli hata umbane vipi, na pia usijaribu kumfidia. Mjue tu ni nani.

Heshima. Karani aliyekuwa akijua faili gani iko kabati gani kwa miaka mingi, watu wote walikuwa wakimpitia. Sasa kijana wa atachimenti anaandika jina la mteja na faili inatokea. Yule karani kazi hajapoteza, mshahara ni uleule, lakini hakuna tena anayemtafuta.

Muda na usalama. Mmebadilisha shifti ianze saa kumi na mbili alfajiri, kwenye karatasi ni saa moja tu mmerudisha nyuma. Mama anayekaa Likoni ana feri ya kuvuka, ana mtoto wa kuamsha, na matatu za alfajiri nauli zake anazijua yeye. Msichana wa Mtwapa anayetoka kazini saa tano usiku ana kitu chengine cha kuwazia kabisa. Kabla hujagusa shifti uliza kila mtu anakaa wapi.

Kinga. Hiki ndo mameneja wengi hawakioni, na nitakaa hapa kidogo.

Kuna godauni moja, jina haliko hapa, walileta simu za kuskani mzigo unapoingia na unapotoka. Mzee wa stoo akawa anaskani kama alivyoambiwa, akimaliza anachukua kitabu chake cha kaunta anaandika tena vyote kwa mkono, kila lori linachukua muda mara mbili. Wakubwa wakasema mzee kachoka, apumzishwe. Supavaiza, binti mdogo tu, akaenda akamkalia.

"Ami, hii skana waionaje?"

"Nzuri, mwanangu."

"Mbona na kitabu bado wakiandika?"

"Nimezoea tu."

Angekuwa na haraka angeondoka na hilo la mazoea, akaandika ripoti kuwa wazee hawataki kubadilika. Hakuondoka. Akamuacha, akarudi jioni na vikombe viwili vya kahawa, wakazungumza mambo ya mpira na ya bei ya unga, na katikati mzee mwenyewe akayaleta:

"Kitabu hiki kishaniokoa mimi. Yalipopotea yale mabati shifti nzima ilikatwa mshahara. Mie sikukatwa, kwa kuwa nina mwandiko wangu na sahihi ya dereva. Hiyo simu yenu twaingia watu wanne kwa paswadi moja. Kitu kikipotea humo utaujua mwandiko wa nani?"

Sasa niambie, huyo ni mtu anayepinga mabadiliko? Huyo kaona tundu ambalo waliouza hiyo sistemu hawakuliona. Wakatoa paswadi ya kila mtu, wakaandika memo kuwa mwezi wa kwanza wa kutumia skana hakuna atakayekatwa mshahara kwa kosa la kuskani, na dereva akawa anaweka sahihi palepale kwenye simu. Kitabu mzee akakiweka chini ya meza. Hakukitupa, lakini akaacha kukiandika.

Nusu ya wanaokukatalia wana sababu ya aina hii, wanaona kitu ambacho wewe huoni kwa kuwa wewe hukai pale. Kwa hivo orodha hii unaiandika huku ukijua nusu umekosea, na hatua inayofuata ni ya kuirekebisha.

Hatua ya 3: Zungumza na watu mmojammoja KABLA ya mkutano

Watu wetu hawapingi kwenye mkutano. Mkubwa kasema, utaitikia, utasema inshallah, utapiga na makofi, halafu ukweli unaenda kusemwa maskani kwenye kahawa na kashata ambapo wewe meneja hupo. Meneja mgeni anatoka kwenye mkutano anafurahi, anapiga simu makao makuu anasema wamekubali wote. Kimya kina mshindo, mzee. Usikihesabu kuwa ni kura.

Kwa hivo zunguka wewe. Anza na wale ambao wengine huwaangalia kabla ya kujibu, unawajua, kila kazi ina wawili watatu. Mara nyingi si wenye vyeo. Anaweza kuwa mama wa jikoni, dereva wa foklifti, au yule kijana anayeongoza chama cha kuweka akiba. Mfuate alipo, usimuite ofisini kwako, ofisini kwako mtu huja ameshafunga moyo. Mkubwa wa umri mheshimu kwa umri wake hata kama kwenye karatasi wewe ndiye bosi wake, salamu kwanza na habari za nyumbani, jambo lenyewe baadaye.

Maswali yanayofungua mdomo:

"Hili jambo likianza kesho, kazi yako wewe itakuwa ngumu wapi?"

"Wenzako wanasemaje?" (Atakwambia ya kwake mwenyewe, lakini kwa mdomo wa wenzake. Usimbane.)

"Ingekuwa wewe ndo unalileta, ungeanzia wapi?"

Swali la kuepuka ni "una tatizo lolote?" Jibu lake ni "hapana" kila siku ya Mungu.

Kama kuna chama, mwakilishi wa chama mwambie mapema, yeye asisikie kwa watu. Akisikia kwa watu itabidi apinge hata kama analipenda, kwa sababu ameaibishwa mbele ya waliomchagua.

Hatua ya 4: Mkutano uwe mfupi

Dakika 20. Sema sababu ile ya sentensi moja, sema nini kinabadilika na nini hakibadiliki, soma ile barua ya wakubwa kuhusu kufutwa kazi, taja tarehe, nyamaza. Usilete slaidi. Sema Kiswahili, hata kama kampuni inaandika memo zake kwa Kiingereza, maana mtu akiona umebadilisha lugha anajua kuna kinachofichwa.

Na taja hasara uliyoisikia huko ulikozunguka, bila jina la mtu: "Najua wengine wa Likoni saa kumi na mbili itawasumbua." Ukiyasema wewe mwenyewe, yanaacha kuwa siri ya maskani.

Hatua ya 5: Waachie kitu cha kuamua, na kiwe cha kweli

Hapa kuna ushahidi wa zamani sana. Mwaka 1948 watafiti wawili, Lester Coch na John French, waliandika habari za kiwanda cha pajama huko Virginia, Marekani, ambako wafanyakazi walikuwa wakihamishiwa kazi mpya. Kundi lililoambiwa tu "kuanzia kesho ni hivi" uzalishaji wake ulianguka na ukabaki chini, wengine wakaacha kazi. Makundi yaliyoshirikishwa kupanga kazi mpya yalirudi haraka na yakapita pale yalipokuwa mwanzo. Pesa ni ileile, mashine ni zilezile.

Lakini sikia: usiwashirikishe kwa uongo. Kama uamuzi wa kununua sistemu ushafanywa, usiwaulize "mnaonaje, tuilete?" Watakupa jibu utakalolipuuza na wataliona. Waulize yale ambayo kweli yako mikononi mwao, tuanzie idara gani, nani afundishe nani, zamu zipangwe vipi, skana ikae geti la mbele au la nyuma. Wakiamua geti la nyuma na wewe ulitaka la mbele, iwe la nyuma.

Hatua ya 6: Anzia kona moja

Idara moja, geti moja, shifti moja. Chagua kona yenye watu wa kawaida, si wale vijana mahodari peke yao, maana wakifaulu wao wengine watasema "aah hao ni watoto wa kompyuta". Mtie na mzee mmoja mwenye mashaka, mwenye kusema. Yeye akikubali wengine hawana hoja.

Kwenye kona hiyo mtaona makosa ya sistemu. Yarekebishwe hayo kabla hamjaenda kona ya pili, hata kama mkurugenzi anapiga simu kila siku. Kueneza kitu kibovu kwa haraka ndo kunakozaa yale maneno "tulisema sisi".

Hatua ya 7: Fundisha mikononi

Mtu ashike kifaa mwenyewe, afanye kosa, afute, arudie. Mwalimu bora ni mwenzake wa kona ya kwanza, si yule wa kampuni iliyouza sistemu anayekuja na tai. Ndani ya saa za kazi, au mlipe.

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza uwe pale

Ofisini usikae. Simama getini, simama stoo, kaunta, jikoni, popote kazi inapofanyika. Sistemu ikikwama saa nne asubuhi na lori tano ziko foleni na madereva na tanboi wanapiga kelele, mtu wako atarudi kwenye karatasi hapohapo, na hana makosa, anaokoa kazi. Ukiwepo utapiga simu ya fundi wewe, utawatuliza madereva wewe. Usipokuwepo, karatasi imerudi na haitoki tena.

Kila jioni uliza kitu kimoja tu: leo nini kimewakera? Kinachowezekana kurekebishwa kesho kirekebishwe kesho, hata kikiwa kidogo, hata ikiwa ni soketi ya kuchajia. Ukirekebisha soketi watakuletea na mambo makubwa.

Hatua ya 9: Funga njia ya zamani kwa tarehe

Watu wengi wanafanya yote haya vizuri halafu wanaacha mifumo miwili iende sambamba milele, kitabu na kompyuta. Hilo linawachosha watu, kazi mara mbili mshahara mmoja, na mwisho wanaacha ile mpya kwa sababu ya zamani haijawahi kukatika stima. Tangaza tarehe toka mwanzo: mpaka tarehe fulani vyote viwili, baada ya hapo kitabu kinafungwa. Siku ikifika kifunge kweli, ukusanye na vitabu vyenyewe. Bakisha njia moja tu ya dharura, iandikwe ni lini itumike na nani anaruhusu.

Mambo ya sheria usiyaruke

Saa za kazi, mahali pa kazi, mshahara, aina ya kazi, hivi viko kwenye mkataba. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinataka mwajiri ashauriane na mfanyakazi akitaka kuvibadilisha na amjulishe kwa maandishi. Memo ya ubaoni peke yake haitoshi.

Mashine ya alama za vidole nayo inaleta kelele sana, na safari hii watu wana haki ya kuuliza. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 alama ya kidole ni data nyeti. Waambie unaichukua ya nini, inakaa wapi, nani anaiona, na mtu akiacha kazi inafutwa lini. Kama wewe mwenyewe hujui majibu, usiifunge hiyo mashine ukutani mpaka uyajue.

Ikikwama

Wanaitikia lakini hawafanyi. Rudi hatua ya 3, orodha yako ina uongo mahali. Mtafute mmoja unayeelewana naye vizuri, umuulize wenzake wanasemaje.

Sistemu yenyewe ndo mbovu. Basi wanaokataa wako sawa na wewe ndo unapaswa kuwapelekea wakubwa maneno yao. Andika makosa kwa tarehe na saa, piga picha skrini, peleka. Usimtetee mtu wa mauzo wa Nairobi mbele ya watu wanaoteseka nayo.

Grupu la WhatsApp la wafanyakazi limewaka na kuna voisi noti zinazunguka. Usijibu mle ndani, na usitafute nani katoa hizo voisi noti. Chukua yale yanayosemwa, ya kweli na ya uongo, uyajibu ana kwa ana kesho asubuhi. Ukijibu kwenye grupu saa tatu usiku umeshaingia ugomvini.

Kuna anayekataa kwa sababu alikuwa anakula. Huyu hatashawishika. Usimwandame kwa maneno wala usimtangaze bila ushahidi, acha mfumo ufanye kazi, mhamishie mahali ambapo ulaji haupo. Wenzake wanamjua kuliko unavyomjua, wanakuangalia wewe tu kama utamuogopa.

Mzee anakosea kila mara kwenye skrini. Kabla ya mafunzo mengine kuza maandishi ya simu, na muulize faraghani kuhusu macho. Mbele za watu usimuulize.

Mmoja amekataa wazi, umemsikiliza, umemrekebishia, umemfundisha, bado. Hapa ni nidhamu sasa, si mabadiliko tena. Barua ya onyo, nafasi ya kujieleza, na kabla ya kumuachisha kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Fanya kwa utaratibu na bila hasira, maana wote wanaangalia. Ukianza na hatua hii, kama wanavofanya wengi, utapata watu watiifu wanaongoja siku ya kukuangusha.

Tajiri mwenyewe ndo anayevunja mfumo. Hii ipo sana kwenye kampuni za familia. Umefunga vitabu, kila kitu kinapita kwenye skana, halafu saa kumi jioni tajiri anapiga simu getini: "Huyo ni mtu wangu, mtoe, makaratasi kesho." Askari afanye nini? Anafungua geti. Kesho yake na karani ana mtu wake. Nenda kwa tajiri peke yenu, mpe nambari: mwezi huu mizigo kadhaa imetoka bila kuandikwa, thamani yake hii, na hakuna atakayeweza kudaiwa. Halafu mpe mlango wake mwenyewe, mtengenezee ruhusa kwenye simu yake abonyeze yeye, jina lake litokee na saa. Wengi wakiona jina lao linabaki wanapunguza. Asipotaka hata hilo, mwambie mabadiliko yasimame kwanza, na umwambie kabla hujawaandikia watu barua za onyo kwa jambo analolifanya yeye.